Saa ya mchezo katika ligi za kikapu za wikiendi: isimame, iendelee au izimwe?

Anayeandaa ligi ya mpira wa kikapu ya watu wanaocheza kwa kujifurahisha hulazimika kuamua jambo moja kabla hata ya kupanga ratiba, nalo ni jinsi saa ya mchezo itakavyokwenda. Uamuzi huo ndio unaopanga ni mechi ngapi zitachezwa jioni moja na ni watu wangapi watahitajika mezani. Ndio pia unaoamua, ingawa wengi hulitambua hili ligi ikiwa imekwisha kuanza, kama timu iliyo nyuma kwa pointi sita huku zimebaki dakika mbili bado ina njia halali ya kurudi mchezoni au imekwisha kushindwa na inasubiri filimbi tu.

Ulinganisho huu unahusu njia nne zinazotumika: saa inayosimama kwa kila filimbi kama zinavyotaka kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, saa inayokwenda mfululizo, saa inayokwenda mfululizo lakini ikasimama mwishoni, na mchezo unaomalizwa kwa pointi badala ya dakika. Ninaandika nikiufikiria uwanja wa wazi, usio na taa za kutosha na usio na ubao wa saa, kwa sababu huko ndiko ligi nyingi za wikiendi za Afrika Mashariki zinakochezwa. Mwenye ukumbi wa ndani wenye vifaa kamili ana shida chache zaidi, ingawa naye hulipia uwanja kwa saa.

Saa inayosimama kwa kila filimbi

Kanuni za FIBA zinagawa mchezo katika robo nne za dakika 10 kila moja. Saa husimama kila mwamuzi anapopiga filimbi, iwe ni faulo, mpira uliotoka nje, hatua (kutembea na mpira bila kuudundisha) au kosa jingine lolote, na husimama pia wakati wa taimauti, yaani mapumziko mafupi yanayoombwa na kocha. Kapu likifungwa, saa huendelea kwenda, isipokuwa katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne na za kila muda wa nyongeza, ambapo husimama hata baada ya kapu. Mpira unaporushwa kutoka nje, saa haianzi mrushaji anapouachia, bali mchezaji aliye ndani ya uwanja anapougusa. Hayo yote yanamtaka mtunza saa asiyeondoa macho uwanjani, anayeifahamu ishara ya mwamuzi ya kiganja kilichonyooshwa juu kwa kosa la kawaida na ya ngumi kwa faulo, na anayeianzisha saa mwamuzi anapoushusha mkono wake.

Faida ya njia hii ni haki. Dakika 40 zinazoandikwa ndizo dakika 40 zinazochezwa, na hakuna timu inayofaidika kwa kutembea polepole. Mchezaji anayetarajia kupanda kwenda ligi ya mkoa au ya taifa hujifunza huku mambo atakayoyakuta kule: namna ya kulinda uongozi, namna ya kuomba taimauti kwa wakati wake, na namna ya kufanya faulo kwa makusudi ili saa isimame na mpinzani apelekwe kwenye mitupo huru.

Gharama yake ni muda, na hapa hesabu ni vizuri ifanywe mapema. Robo nne za dakika 10 ni dakika 40. Kuna mapumziko ya dakika 2 baada ya robo ya kwanza, dakika 15 katikati ya mchezo na dakika 2 baada ya robo ya tatu. Jumla ni dakika 59 kabla filimbi hata moja haijapigwa. Kila timu ina taimauti 2 za dakika moja moja katika nusu ya kwanza na 3 katika nusu ya pili, yaani hadi dakika 10 nyingine kwa timu zote mbili. Ukiongeza faulo, mitupo huru, mipira inayotoka nje na kubadilisha wachezaji, mechi hupita saa moja na nusu bila mtu yeyote kuchelewesha kwa makusudi. Ukiwa na uwanja kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, utapata mechi mbili na nafasi ya kupasha misuli moto, basi. Dar es Salaam katika mwezi wa Juni jua huzama yapata saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo hakuna dakika za kukopa baada ya hapo. Ligi yenye timu nane itakuwa imezichezesha timu nne tu, na nyingine nne zitasubiri wiki ijayo.

Upunguzaji mmoja ulio rahisi ni kuyafanya mapumziko ya katikati yawe dakika 5 badala ya 15 na kumwachia kila kocha taimauti 3 kwa mchezo mzima. Hata hivyo mechi haitashuka sana chini ya saa moja na robo, na bado utahitaji mtunza saa hodari katika kila mechi. Kwa kawaida mtu huyo hapatikani, kwa maana anayeujua mchezo kiasi hicho huwa anataka kuucheza.

Saa inayokwenda mfululizo

Njia ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Saa huanzishwa mwanzoni mwa robo, au mwanzoni mwa nusu ya dakika 20, na haisimami mpaka muda uishe, ila mchezaji akiumia na, katika ligi nyingine, wakati wa taimauti. Robo nne za dakika 10, dakika moja kati ya robo na dakika 5 katikati ya mchezo hufanya dakika 47. Ukitenga saa nzima kwa kila mechi, ratiba ya saa nane hadi saa kumi na mbili inabeba mechi nne, na timu zote nane zinacheza siku hiyo hiyo. Mtunza saa anaweza kuwa mtu yeyote mwenye simu. Kwa mwandaaji ambaye kila Jumamosi huwaomba watu wakae mezani bila malipo, urahisi huo una thamani kubwa.

Kasoro zake mbili, lakini, si ndogo. Ya kwanza ni kwamba dakika 40 za saa hii ni chache kuliko zinavyosomeka. Ifuate faulo moja tangu filimbi inapopigwa: mwamuzi anatembea mpaka mbele ya meza, anaonyesha namba ya jezi kwa vidole, mwandishi anajaza karatasi, wachezaji wanajipanga pembeni mwa eneo la mitupo, mmoja anaambiwa arudi nyuma kwa kuwa ameingia nafasi isiyo yake, ndipo mtupo wa kwanza unapigwa na mpira unarudishwa kwa ajili ya wa pili. Sekunde 45 zimepita na hakuna aliyekosea. Tuseme mechi ina safari 16 za namna hiyo kwenye mstari wa mitupo huru; hizo ni dakika 12 kati ya 40 ambazo saa imezila mpira ukiwa haumo mchezoni.

Ligi inayobaki na njia hii inaweza kuokoa sehemu ya dakika hizo kwa kuiga kanuni iliyoanza kutumika katika G League ya Marekani, ligi ya maendeleo ya NBA, ile ligi kuu ya kulipwa ya huko, msimu wa 2019/2020. Mchezaji anayestahili mitupo miwili au mitatu hutupa mmoja tu, na ukiingia huhesabiwa pointi zote alizostahili. Katika dakika 2 za mwisho mitupo hurudi kuwa ya kawaida. Ninaipendekeza kanuni hii bila kusita kwa ligi yoyote yenye saa isiyosimama, kwa kuwa inapunguza ucheleweshaji na haihitaji kifaa wala mtu wa ziada.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu inagusa tabia za wachezaji. Saa isiyosimama humzawadia anayechelewesha. Timu iliyo mbele kwa pointi nne ikiwa zimebaki sekunde 90 haina sababu ya kuukimbilia mpira ulioviringika hadi kwenye mtaro nyuma ya ringi. Mchezaji mmoja ataufuata kwa mwendo wa kawaida kabisa, ataufuta vumbi kwenye jezi, atampa mwamuzi, na sekunde 25 zitakuwa zimekwenda. Mwamuzi anaweza kuonya na kisha kutoa faulo ya ufundi kwa kuchelewesha mchezo, lakini kutembea si kosa, na mwamuzi wa kujitolea hapendi kumwadhibu mtu kwa kutembea. Timu iliyo nyuma, kwa upande wake, haina silaha yoyote. Ikifanya faulo ili kusimamisha saa, saa haisimami, na mitupo huru yenyewe inazila sekunde ilizokuwa ikizitafuta. Ugomvi mwingi wa mwisho wa mechi katika ligi za namna hii huanzia hapa, na huwa si ugomvi wa watu wabaya. Ni kanuni iliyowaweka mahali pabaya.

Kuna pia suala la saa ya kushambulia. Kanuni za FIBA zinaipa timu sekunde 24 za kurusha mpira kwenye kapu, au sekunde 14 inapoudaka tena mpira wake uliokosa kapu (rebaundi ya mashambulizi) baada ya mpira kugusa ringi. Ligi za wikiendi mara nyingi hazina kifaa hicho, na kukosekana kwake pamoja na saa ya mfululizo kunaifanya timu iliyo mbele iweze kupasiana mpira muda wote ipendavyo. Madhara ya hali hiyo yalionekana hata kwa wachezaji wa kulipwa: Novemba 22, 1950 Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19–18, mechi yenye pointi chache kuliko zote katika historia ya NBA. Kanuni ya sekunde 24 ilikuja mwaka 1954. Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse, alihesabu kwamba mchezo mzuri ulikuwa na mirusho takriban 120 kwa timu zote mbili, akagawanya sekunde 2,880 za dakika 48 kwa 120, akapata 24. Ligi isiyo na kifaa inaweza kuazima utaratibu wa kikapu cha watatu kwa watatu pasipo saa ya kushambulia: mwamuzi akiona timu haijaribu kufunga, huionya kwa kuhesabu kwa sauti sekunde 5 za mwisho, na zikiisha mpira huenda kwa wapinzani.

Saa ya mfululizo inayosimama mwishoni

Hii ndiyo njia ninayoiona inafaa ligi nyingi, na ndiyo inayostahili kuandikwa kwa uangalifu kuliko zote, kwa sababu watu huikubali kwa mdomo kisha kila mmoja akaielewa kivyake. Saa hukimbia katika robo tatu za kwanza na sehemu kubwa ya robo ya nne, halafu katika dakika 2 za mwisho husimama kwa kila filimbi na kila kapu, kama FIBA. Dakika hizo 2 zitachukua dakika 6 au 8 za kweli, kwa hiyo mechi ya dakika 47 inakuwa ya 51 hadi 53 na bado inatosha ndani ya saa moja. Unalipa dakika chache, na timu iliyo nyuma inapata tena nafasi yake ya haki.

Maelezo yanayohitaji kuandikwa ni haya. Kwanza ni tofauti ya pointi. Timu moja ikiwa mbele kwa pointi 25, hakuna maana ya kusimamisha saa huku timu za mechi inayofuata zikisubiri pembeni. Ligi nyingi huweka sharti kwamba saa isimame tu kama tofauti ni pointi 10 au pungufu. Lakini je, tofauti ikiwa 12 saa inapofika 2:00, kisha kapu la pointi tatu likaifanya 9? Maoni yangu ni kwamba saa ianze kusimama hapo hapo tofauti inapofika 10, na ikishaanza kusimama iendelee hivyo hadi mwisho hata tofauti ikipanda tena. Kuiwasha na kuizima kanuni ndani ya dakika moja humchanganya mtunza saa, na kocha naye hushindwa kujua acheze mchezo upi.

Pili ni taimauti. Ikiwa saa haisimami kwa taimauti katika sehemu ya kwanza ya mchezo, kocha mwenye busara aliye nyuma ataziweka zote hadi dakika 2 za mwisho, na ratiba itaanguka. FIBA yenyewe hairuhusu zaidi ya taimauti 2 kwa timu katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne. Kwa ligi ya wikiendi moja inatosha.

Tatu ni kipindi cha kati ya dakika 5 na dakika 2, ambacho wengi hukisahau. Ucheleweshaji ulioelezwa hapo juu hauondoki kwa kanuni hii. Husogea mbele tu, kwa kuwa timu iliyo mbele sasa itatembea polepole kabla ya saa kufika 2:00. Dawa yake ni kumpa mwamuzi mamlaka, kwa maandishi, ya kusimamisha saa wakati wowote anapoona mpira unacheleweshwa. Akiyatumia mara moja mapema katika msimu, habari husambaa kwa timu zote.

Baadhi ya ligi husimamisha saa katika dakika ya mwisho ya kila robo. Sioni sababu ya kutosha. Kapu la mwisho la robo ya pili lina pointi zile zile mbili au tatu, lakini hakuna matokeo yanayofungwa hapo, na dakika hizo ni bora ziwekwe kwenye mapumziko au kwa mechi inayofuata.

Kumaliza kwa pointi

Njia ya nne inaiondoa saa kabisa mwishoni. Aliyeibuni ni Nick Elam, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Ball State kilichoko Muncie, Indiana, ambaye alichoshwa na faulo za makusudi zinazojaza dakika za mwisho. Katika mashindano ya The Basketball Tournament ya Marekani, mchezo unaposimama kwa mara ya kwanza huku zikiwa zimebaki dakika 4 au pungufu katika robo ya nne, saa huzimwa na pointi 8 huongezwa kwenye alama za timu iliyo mbele. Ikiwa ni 52–47, timu itakayofika 60 kwanza ndiyo mshindi. NBA iliijaribu kwa namna yake katika mechi ya nyota mjini Chicago mwaka 2020, ambapo pointi 24 ziliongezwa mwishoni mwa robo ya tatu kwa heshima ya marehemu Kobe Bryant, nyota aliyevaa jezi namba 24. Hadi hapo alama zilikuwa 133–124, lengo likawa 157, na Anthony Davis akaifikisha timu yake hapo kwa mtupo huru, 157–155.

Uzuri wake kwa ligi yetu ni kwamba ucheleweshaji unakosa faida. Aliye mbele lazima aendelee kufunga, na aliye nyuma hahitaji faulo za kusimamisha saa kwa kuwa hakuna saa ya kusimamisha. Kilichobaki ni kuzuia vizuri na kufunga vizuri. Mtunza saa asiye na uzoefu hawezi kuuharibu mwisho wa mechi. Kwa uwanja ambao saa yake ni simu ya mtu aliyekaa benchi, hili ni jambo la kutiliwa maanani.

Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye mechi itaisha lini. Timu mbili zilizochoka, zikikosa mirusho mfululizo, zinaweza kuzitafuta pointi 8 kwa robo saa nzima wakati jua linazama na mwenye uwanja anashika funguo. Ndiyo sababu lengo lisinakiliwe kutoka kwa wachezaji wa kulipwa. Angalia kasi ya ligi yako: timu inayoongoza ikiwa na pointi 45 baada ya dakika 36, inafunga pointi 1.25 kwa dakika, na dakika 4 zilizobaki ni sawa na pointi 5. Lengo la pointi 5 au 6 litatosha. Weka pia kikomo cha dakika 10 za kweli, na kikifika kabla ya lengo, aliye mbele ameshinda. Na kama wachezaji wako wanajiandaa kwa mashindano yanayosimamiwa na shirikisho la taifa, njia hii itawanyima mazoezi ya kumaliza mechi kwa saa, ambayo watayahitaji huko.

Penye nusu ya uwanja tu, kanuni za watatu kwa watatu zimekwisha kulijibu swali hili: mchezo ni dakika 10 au pointi 21, lolote litakalotangulia, na saa husimama mpira unapokuwa haumo mchezoni na wakati wa mitupo huru. Pasipo saa, FIBA inashauri kikomo cha pointi kiende sambamba na muda unaokwenda mfululizo, yaani dakika 10 kwa pointi 10 au dakika 15 kwa pointi 15.

Ipi kwa nani

Mwenye ukumbi wa kulipia kwa mwezi, maofisa wa meza waliofunzwa na timu zisizozidi sita atumie saa ya FIBA, kwa kuwa ana kila kinachoifanya ifanye kazi, na wachezaji wake watafaidika. Mwenye timu nane au zaidi, uwanja mmoja wa wazi na saa nne za mwanga atumie saa ya mfululizo inayosimama katika dakika 2 za mwisho kwa tofauti ya pointi 10. Mwenye timu nyingi na asiye na mtu wa kutegemewa mezani amalizie kwa pointi, akiweka kikomo. Saa ya mfululizo mpaka mwisho ninaiona inafaa bonanza la siku moja, ambako timu huchanganywa papo kwa papo na kombe halina uzito, wala si ligi yenye msimamo na pointi za kuhesabu.

Njia yoyote inayotumia simu inahitaji uangalifu kidogo. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili simu inayoingia isiifunike saa, kioo kizuiwe kuzima chenyewe, na programu itakayotumika ihesabu kurudi nyuma kutoka 10:00 badala ya kwenda mbele kutoka sifuri, ili mtunza saa asilazimike kutoa kichwani dakika zilizobaki wakati makocha wawili wanamuuliza kwa pamoja. Kwa kuwa wachezaji hawaioni saa, atangaze kwa sauti dakika 5, 2 na 1, na ahesabu sekunde 10 za mwisho. Karibu naye akae mtu mmoja kutoka kila timu, au mtu asiye wa timu yoyote, anayekiona kioo hicho hicho.

Sare nayo iamuliwe kabla ya msimu. FIBA inatoa muda wa nyongeza wa dakika 5 na nyingine 5 mpaka mshindi apatikane, jambo ambalo ratiba ya saa moja kwa mechi haiwezi kulibeba. Dakika 2 zenye saa ya kusimama zinatosha, na sare ikibaki, au ikiwa mechi ni ya mwisho na mwanga unaisha, tumia kanuni ya watatu kwa watatu ambayo timu ya kwanza kupata pointi 2 katika muda wa nyongeza inashinda.